Plagi za gari la tabo: bana, usipanue

Bana nafasi iliyo kati ya ncha za plagi, kaka, usifuate wanaokwambia uipanue hadi 1.2 mm ili cheche iwe kubwa. Ukipandisha presha ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hewa na petroli vinashindiliwa zaidi ndani ya silinda, na cheche inadai volti nyingi zaidi kuruka kwenye ncha ya plagi. Nafasi ikiwa pana, koili inayotoa umeme wa cheche inazidiwa. Ndiyo maana gari linawaka vizuri na kutulia, ila ukikanyaga mafuta linamisi, yaani cheche inakosa kuwasha.

Nafanya injini hapa Mtwara mjini. Juzi ililetwa Subaru ya tabo, ikikohoa kila inapopanda kilima cha Mikindani. Kwenye tambarare haina tatizo lolote. Nikachomoa plagi: NGK zenye namba inayoishia na 11, yaani nafasi ya 1.1 mm. Nikazibana hadi 0.8, nikipima moja moja kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), nikairudisha kilimani na mwenyewe ndani. Ikapanda kimya.

Anza na hiyo 0.8; ikiendelea kumisi shuka 0.7. Ukibana kupita hapo injini inaanza kutetemeka gari likiwa limesimama. Kama plagi ni za iridiamu usiguse kabisa ncha nyembamba ya katikati, inakatika kirahisi mno. Pinda ule mkono wa nje tu, taratibu.

Ila kama kinachokusumbua ni injini kugonga (petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda), hilo ni jambo la taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, na aina ya petroli, kubana plagi hakutakusaidia.