Re: Jirani anavuta sigara koridoni, mtoto anakohoa

Pole dada. Mtoto wa miezi minane kulala na moshi wa jirani kila jioni si jambo la kuvumilia. Dirisha na feni havitoshi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 na hupenya hata chini ya mlango.

Usimvae peke yako. Kwetu Tandika tulikaa wapangaji wote na mama mwenye nyumba, tukamwekea mzee wetu mvuta sigara kiti chini ya mwembe, mbali na vyumba. Alinuna wiki nzima, sasa hatoki pale! Wako akigoma, nenda kwa mjumbe. Usitegemee sana sheria, maana ile ya tumbaku ya Tanzania ya 2003 inagusa zaidi maeneo ya umma.

Mtoto mpeleke kliniki kesho, wamsikilize kifua.