Modeli inaruka kwenye grafu: tununue kamera mpya?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Tuko chuo hapa Arusha. Tumeunda modeli ya turbaini ya upepo inayoelea, uwiano 1:100, na tunapima inavyoyumba kwenye tangi la karakana kwa simu mbili na alama nyeupe tulizobandika. Grafu inaruka ghafla sentimita kadhaa kisha inarudi. Mwenzetu anataka tuchange tununue kamera yenye kasi zaidi. Unashaurije?

Jibu: Marahaba. Hela yenu itunzeni kwanza. Kwa kanuni ya Froude, inayolinganisha mwendo wa modeli ndogo majini na wa kitu halisi, muda hupungua kwa kipeuo cha pili cha uwiano, kwenu mara 10. Jukwaa ambalo baharini huinama na kurudi kwa sekunde 30, kwenu litatumia sekunde 3. Simu ya picha 30 kwa sekunde inawapa picha 90 kwa kila mzunguko. Zinatosha na kubaki.

Fungueni video pale grafu inaporuka, mwende picha kwa picha. Nadhani mtakuta alama moja ina pacha chini yake, taswira yake majini, na programu inayofuata alama kwenye video imemdaka pacha. Kama karakana ina mabati yanayopitisha mwanga, saa sita mchana hali huwa mbaya zaidi. Rudieni jaribio jioni muone. Kisha pandisheni simu juu, ziyatazame maji kwa kuinamia, maana ukiyatazama kwa mlazo yanaakisi zaidi. Alama za karibu na maji zihamishieni mnarani.

Alama tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kupata miondoko yote sita (mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka), ila wekeni tano, na umbali kati yao usilingane, programu isizichanganye. Ziwe za karatasi ya kunata. Kwa uwiano wenu gramu 1 ni sawa na tani 1, kwa hiyo alama ya kipira ya gramu 5 mkiiweka kileleni mmeupandishia mnara tani 5.

Fokasi ifungeni, ikijibadilisha katikati, kalibresheni yote, yaani hesabu ya kugeuza picha kuwa vipimo, imeharibika. Taa ndogo inayowaka mara moja mbele ya simu zote mbili itawasaidia kuoanisha video.

Kabla ya kupiga mawimbi, ifungeni modeli kwenye ukingo wa tangi isitikisike kabisa, mrekodi dakika moja. Mtikisiko utakaoonekana hapo ni kosa la vipimo vyenu. Milimita 1 ni sentimita 10 baharini, kwa hiyo uandikeni kwenye ripoti kabla msimamizi hajauliza.