Waliniambia nimuanike juani: mtoto aliyeumizwa na manjano ana haki gani?

SWALI: Shikamoo mama, naandika nikiwa Ujiji, Kigoma. Mwanangu wa kwanza nilimzaa salama kabisa kwenye kituo cha serikali hapa mkoani, alilia palepale, kesho yake asubuhi tukaruhusiwa. Kabla hatujatoka mama mkwe akaniambia mbona macho ya mtoto yana njano, nikamuita nesi, akaangalia akasema hiyo kawaida, mkifika nyumbani muwe mnamuanika juani asubuhi itaisha. Tukawa tunamuanika. Siku ya tatu njano imeshuka mpaka miguuni, nikarudi kituoni, wakasema nimnyonyeshe sana, hawakumpima. Siku ya tano akagoma kunyonya, analia kilio chembamba kikali, mgongo anaukunja kwa nyuma, ndo tukapewa gari mpaka hospitali kubwa akawekwa kwenye taa za bluu. Kwenye karatasi wameandika bilirubini 540. Sasa ana mwaka na miezi miwili, shingo haijakaza, hakai, ukigonga sufuria nyuma yake hageuki. Daktari kasema mtindio wa ubongo. Ukweni wanasema mtoto karogwa, wengine wanasema ni mapenzi ya Mungu. Damu yangu ni O, ya mtoto ni B. Je, sheria ina nafasi kwangu? Mume wangu ni mvuvi Kibirizi, hela ya wakili hatuna. (Mama wa mtoto mmoja, Ujiji)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hilo la kurogwa, maana naona linakutesa hapo nyumbani kila siku. Mtoto wako hajarogwa. Mama mwenye O akizaa mtoto wa A au B, inatokea wakati mwingine kinga iliyo kwenye damu ya mama inavunja chembe nyekundu za mtoto, zikivunjika inatoka ile rangi ya bilirubini, na ini la kichanga bado changa haliwezi kuitoa yote, inarundikana, ikizidi mno inaingia kwenye ubongo, na sehemu inazoharibu zaidi ni zile zinazoongoza misuli na zile za kusikia. Ndo maana shingo haikazi, na ndo maana hageuki ukigonga sufuria. Madaktari wanaita kenikterasi na wao wenyewe wanakubali kwamba inazuilika, taa za bluu zinajulikana tangu zilipogunduliwa Uingereza miaka ya 1950, na kiwango kikipanda sana mtoto anabadilishiwa damu.

Sasa sheria. Kituo kitajitetea kwamba njano kwa kichanga ni kawaida, na wana pa kushikia, kwa sababu watoto kama 6 kati ya 10 waliotimiza miezi wanapata njano wiki ya kwanza na wengi inaisha yenyewe. Ila njano inayoonekana kabla ya kutimia saa 24 tangu mtoto azaliwe haihesabiwi kuwa kawaida, inatakiwa apimwe damu siku hiyohiyo. Na kumuanika juani sio tiba ya njano ya namna hiyo, nasema wazi maana ushauri huu umeumiza watoto wengi na bado unatolewa. Halafu Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72. Wewe siku ya tatu ulirudi kwa miguu yako, mtoto njano imefika miguuni, na hakupimwa. Kwa jinsi ninavyoiona mimi, hiyo siku ya tatu ina nguvu kuliko hata ile ya kwanza.

Kwa hiyo kesi yako iko kwenye masaa. Mtoto alizaliwa saa ngapi, macho yalionekana saa ngapi, ulimwambia nani, akasema nini, mliruhusiwa saa ngapi. Kaa na mama mkwe wako muandike yote hayo kwenye daftari na tarehe, yeye ndo shahidi wako wa kwanza, usigombane naye. Mahakama haitauliza tu kama mtoto ameumia, itauliza mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida angefanya nini kwa mtoto yule saa ile, na je kutokufanya ndo kumeleta madhara haya. Hilo la pili ndo linaangusha kesi nyingi. Watasema mtindio umetokana na kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa. Ndo nikafurahi uliposema alilia palepale, kwa sababu kwenye karatasi zake za kuzaliwa huwa wanaandika alama ya Apga, yaani alama ya hali ya mtoto anapozaliwa kama anapumua na kulia vizuri, ya dakika ya kwanza na ya tano, ikiwa 8 au 9 au 10 basi hoja yao ya kuchelewa kupumua inapata shida kubwa. Itafute hiyo namba leo.

Karatasi zenyewe: kadi yako ya kliniki ya ujauzito, kadi ya mtoto, fomu ya kuruhusiwa, majibu ya maabara yenye ile 540, na faili la hospitali kubwa. Usiombe kwa mdomo dirishani, utazungushwa. Andika barua kwa mganga mfawidhi, nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuziona taarifa za mtoto wako. Za kwako ulizonazo piga picha simu mbili, ya asili usimwachie mtu yeyote, hata akisema ni wakili. Na mtoto akipewa rufaa ya Bugando au Muhimbili, omba apimwe masikio kwa kipimo kile cha kufuata mishipa ya kusikia mpaka kwenye ubongo, na MRI ya ubongo ikiwezekana, maana manjano ina sehemu zake inazoharibu na picha inaweza kuonyesha. Hapa ushahidi na matibabu vinakwenda pamoja, mtoto asiyesikia akigundulika mapema anasaidika, kesi inaweza kuchukua miaka na yeye asingoje, na mazoezi ya viungo ayaanze sasa.

Nani wa kushtakiwa? Sio nesi peke yake, mwajiri anabeba makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Kwa kuwa kituo ni cha serikali, kwanza unatoa notisi ya siku 90, yaani barua ya kusudio la kushtaki, kwa taasisi inayohusika, kama ni cha halmashauri basi kwa mkurugenzi, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Zikipita ndo unafungua Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Zamani watu wa Kigoma walikuwa wanapanda treni kwenda Tabora kwa ajili ya Mahakama Kuu, siku hizi ipo hapahapa. Ukiruka notisi kesi inatupwa hata kama ukweli wote uko upande wako, na inauma sana kuona mama kapoteza hivyo. (Msomaji mwenye tatizo kama hili kwenye hospitali ya dini au binafsi, notisi hii haikuhusu, ila jina la hospitali sio lazima liwe ndilo linaloweza kushtakiwa kisheria, mara nyingi unaishtaki bodi ya wadhamini iliyosajiliwa au kampuni, uliza kabla hujafungua.)

Muda: madai ya uzembe wa namna hii ni miaka 3. Wewe umeshatumia mwaka na ushee, usifike mwaka wa tatu ndo unaanza kutafuta notisi. Fidia ina mafungu mawili, gharama mlizotoa, hizo zinathibitishwa kwa risiti, kila tiketi ya basi na kila dawa, na fidia ya jumla kwa maumivu na maisha ya mtoto yaliyobadilika, hiyo anakadiria jaji. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi, usiogope kukubaliana kama kiasi kinatosha kumtunza mtoto, ila usisaini kitu kabla wakili wako hajakusomea.

Kuhusu hela, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri uulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, na Chama cha Mawakili, TLS, nacho huwa kinasaidia. Waepuke vishoka wa nje ya mahakama, jina la wakili wa kweli unalihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili. Pia unaweza kupeleka malalamiko Baraza la Uuguzi na Ukunga, au Baraza la Madaktari kama daktari anahusika, huko wanamuadhibu mtumishi, hawakulipi. Mimi ningefanya, kwa ajili ya mama atakayelazwa kitanda kilekile mwezi ujao.

SWALI: Mimi ni baba, niko Kasulu. Mwanangu ana miaka 6, hali yake ni manjano hiyohiyo, nimeambiwa muda umepita nikae kimya. Ni kweli? (Baba wa Kasulu)

JIBU: Ni kweli nusu. Madai yako wewe mzazi ya hela ulizotumia yamepita, hata Waziri wa sheria anaweza kuongeza nusu tu ya muda, na wewe umeshavuka huko. Ila haki ya mtoto mwenyewe haijafa. Sheria ya Ukomo inamhesabia mtoto muda wake kuanzia atakapofikisha miaka 18, na sasa hivi wewe unaweza kumfungulia kesi kwa jina lake ukiwa msimamizi wake. Usikae mpaka akue, mafaili yanapotea, manesi wanahamishwa. Na mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, kwa sababu manjano kali huwa inaharibu gamba la meno ya utoto, mwambie aandike anachokiona kwenye cheti, maana kwa umri huo meno yenyewe yanaanza kung'oka.