Kiuno Kinakaza Nikishuka Kwenye Lori: Je, Ni Figo?

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa lori mwenye miaka 41, nabeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dar es Salaam. Nikishuka, kiuno hukaza hadi kusimama wima ni kazi, na mguu wa kulia hufa ganzi mpaka wayoni. Wenzangu wanasema ni figo. Nameza diklofenaki karibu kila siku. Nifanye nini?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa ubavuni, hayategemei sana mkao, na mara nyingi huandamana na homa au mabadiliko ya mkojo. Yako yanaamshwa na kiti na kuteremka mguuni, dalili inayoelekea zaidi kwenye mshipa wa fahamu unaobanwa kiunoni, ingawa ni vipimo vitakavyothibitisha.

Mtu akikaa saa nyingi huku lori likimtikisa, diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa na kano zinazozishikilia hulegea. Ndiyo maana dakika za kwanza baada ya kuzima injini hunitia hofu kuliko safari yenyewe: dereva anaruka kutoka juu, anakaza kamba za turubai, anampokea utingo gunia, ilhali mgongo haujarudi katika hali yake. Shuka taratibu ukitazama mlango, utembee dakika 10, na magunia waachie wapakizi.

Kiti kisogeze mpaka uweze kukanyaga klachi hadi mwisho bila kiuno kuachana na egemeo, kisha uweke khanga iliyokunjwa nyuma ya kiuno. Pochi nene ya mfuko wa nyuma itoe kabla ya kukaa, kwa sababu huinua nyonga moja na kugandamiza mshipa uendao mguuni.

Katika Umoja wa Ulaya, dereva wa lori hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Wewe usisubiri hata kufika huko: simama Gairo, Morogoro na Chalinze, na mwajiri anayehesabu tripu tu aelezwe hivyo waziwazi.

Diklofenaki ya kila siku iache hadi umwone daktari, maana dawa hiyo ndiyo inayoweza kuziumiza figo unazozihofia, pamoja na tumbo. Mguu ukipoteza nguvu, mkojo ukigoma kutoka au kutoka bila hiari, au ganzi ikiingia sehemu za siri, egesha lori popote ulipo na ufike hospitali siku hiyohiyo.