Kabla hujasogeza, tazama umechagua nini

Wadogo zangu mnaoanza animesheni, swali ninaloulizwa sana hapa Kigoma ni namna ya kupata mwendo laini. Mimi huwa nawarudisha nyuma: ulipokuwa unasogeza, ulijua umechagua nini? Kazi nyingi ninazoletewa zikiwa zimevurugika, zimevurugikia hapo.

Chukueni kazi yangu mwenyewe. Tulikuwa tunatengeneza kipande kifupi cha wavuvi wa dagaa wakitoka Kibirizi usiku: mitumbwi, makasia, taa, na mwezi mpevu juu ya ziwa. Mzee mmoja mvuvi alipooneshwa akatikisa kichwa. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi hukaa nchi kavu. Alikuwa sahihi kabisa, na picha isiyo sahihi kwa mvuvi haifai kuonyeshwa Kigoma. Mwezi tukauondoa, giza likatakiwa kuongezwa, na taa zikatakiwa kuchelewa kuwaka nusu sekunde. Tunafanya kazi kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ni fremu 12.

Nikafungua Blender, programu ninayotengenezea animesheni, na ndani yake dirisha la Dope Sheet, linaloonyesha mwendo wa vitu kwenye mstari wa muda. Nikabonyeza A ya kuchagua, kisha G ya kusogeza, nikaandika 12, Enter. Nikacheza. Taa na mtumbwi vilikuwa vinaenda vilevile kama mwanzo, nikadhani amri haikushika, nikarudia. Halafu nikaongeza giza la anga, nikahifadhi, nikafunga kompyuta. Asubuhi nikacheza kipande kikiwa na sauti: kasia linasikika likipiga maji, na sekunde nzima inapita ndipo linagusa maji kwenye picha.

A ilikuwa imechagua kila kitu: mitumbwi, makasia, taa, hata kamera. Vyote vikasogea pamoja fremu 24, ndiyo maana sikuona tofauti. Sauti haimo kwenye dirisha lile, ikabaki pale pale. Ctrl+Z haikuwa na msaada tena, maana ukifunga Blender historia ya kutendua inapotea. Kurudisha vyote fremu 24 nako kusingetosha, kwa sababu lile giza nililiweka baada ya kosa, nalo lilikuwa mahali pake. Nilikaa siku nzima nikichambua kipi kirudi na kipi kibaki.

Kwa hiyo shikeni hili: kuchagua kitu si kuchagua fremu kuu zake. Fremu kuu ni pale unapoiambia programu, "kwenye fremu hii mtumbwi uwe hapa", nayo huonekana kama kialmasi kidogo kwenye mstari wa muda. Mtumbwi unaweza kuwa umechaguliwa kwenye dirisha la picha na vialmasi vyake vikawa havijachaguliwa hata kimoja. Vilivyochaguliwa vina rangi ya njano, vingine vimefifia. Tazama rangi kabla ya kubonyeza G, kila mara.

Juu ya Dope Sheet kuna kitufe chenye picha ya kishale. Kikiwashwa, unaonyeshwa fremu kuu za vitu ulivyochagua tu. Kikizimwa, unaona za vitu vyote. Siku ile kwangu kilikuwa kimezimwa. Lakini nacho kina mtego wake kwa upande wa pili: ukitaka kuchelewesha tukio zima huku kimewashwa na umechagua mtumbwi mmoja, huo mmoja ndio utakaochelewa na wenzake watauacha. Jambo jingine ni kipanya. Blender hutii herufi kulingana na dirisha ambalo kipanya kimesimama juu yake. A juu ya picha huchagua vitu. A juu ya mstari wa muda huchagua vialmasi.

Halafu msidanganywe na kialmasi kimoja. Kile kilicho kwenye mstari wa jina la mtumbwi kinaweza kubeba tisa chini yake: mahali, mzunguko na ukubwa, kila kimoja kwa mihimili mitatu. Kilicho kwenye mstari wa juu kabisa, wa muhtasari, kinabeba vya kila kitu kinachoonekana hapo kwenye fremu hiyo. Fungua mistari, uone unachokigusa. B inakuwezesha kuzungushia kisanduku vile unavyotaka, Shift pamoja na kubofya inaongeza kimoja kimoja. Mimi napenda zaidi mabano: ] inachagua vyote vilivyo baada ya fremu uliyosimama, [ vilivyo kabla yake. Ukitaka kuingiza pumziko katikati ya tukio, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Vipeni vitu majina. Huwezi kuchagua vizuri kati ya Cube.004 na Cube.011, majina ambayo Blender huweka yenyewe, lakini taa_kushoto na taa_kulia hutazichanganya hata ukiwa na usingizi. F2 inatosha.

Leo jaribuni hili. Blender ni bure, huna cha kusubiri. Weka mchemraba mmoja uwe mtumbwi na midogo miwili iwe taa, vyote viende kwa fremu 48. Kisha icheleweshe taa ya kushoto peke yake fremu 12. Cheza ukiitazama ile ya kulia. Ikiwa nayo imechelewa, Ctrl+Z, Alt+A kuondoa uchaguzi wote, uchague upya.