Bandeji Isifunguliwe Kwanza

Swali la wiki hii: matapeli wa dawa waliokuwa wakihama mji hadi mji waliwezaje kula pesa za watu miaka na miaka bila kukamatwa? Wengi watajibu kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga. Sikubali. Mteja alipewa ushahidi, akauona kwa macho yake. Ila ulikuwa ushahidi wa saa ileile, na madhara yalichelewa kufika. Katikati hapo ndipo tapeli alipofunga mizigo.

Mtazame John Taylor wa Uingereza. Hakuwa mbumbumbu: alisomea upasuaji London, na mwaka 1736 akateuliwa tabibu wa macho wa Mfalme George II. Alizunguka Ulaya kwa gari la farasi lililochorwa macho, akihutubia umati kabla ya kushika sindano. Mtoto wa jicho aliutibu kwa njia ya kale. Sindano huchomwa kwenye weupe wa jicho, ncha yake ikawekwa juu ya lenzi iliyoingia ukungu, kisha lenzi ikasukumwa chini mpaka iondoke mbele ya mboni. Papo hapo mwanga unaingia. Mgonjwa anahesabu vidole, watu wanashangilia. Lakini lenzi haijatolewa, imo mlemle ndani. Inaweza kupanda tena, na ikipasuka jicho linavimba. Sindano nayo haikuchemshwa, kwa hiyo usaha ulikuwa njiani. Taylor alifunga jicho bandeji na kuamuru isiguswe kwa siku kadhaa. Ilipokuja kufunguliwa, gari lilishafika mbali. Mwaka 1750, huko Leipzig, alimpasua mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach mara mbili. Bach hakupona, na Julai mwaka huohuo akafariki. Mwaka 1758 mtunzi mwingine, Handel, naye alipita mikononi mwake, asipate nafuu.

Donizetti, mtunzi wa opera wa Italia, aliielewa hesabu hii ya kutoweka kabla ya madhara vizuri kuliko waandishi wengi wa historia. Katika opera yake ya 1832, L'elisir d'amore, tapeli wa dawa aitwaye Dulcamara anamuuzia kijana Nemorino chupa ya dawa ya mapenzi ambayo kumbe ni divai ya Bordeaux. Divai inampandisha kijana kichwa mara moja: hiyo ndiyo dalili. Mapenzi yenyewe, anaambiwa, yatakuja baada ya siku nzima, na pembeni Dulcamara anakiri kwamba muda huo unamtosha kutoweka.

Jukwaani Venice, Italia, mambo yalikwenda kasi zaidi. Thomas Coryat, msafiri Mwingereza aliyefika huko 1608, alimwona mwuza dawa mmoja akijikata mkono kwa kisu hadi damu ikachuruzika, kisha akapaka mafuta yake na damu ikakoma. Jeraha la juujuu likibanwa kidogo hukoma lenyewe, mafuta au pasipo mafuta. Alieleza pia mchezo wa bei: muuzaji alianza na krauni 10, akashuka na kushuka, mwishowe akapokea visarafu vinne. Bei ya kwanza haikutajwa ili mtu alipe. Ilitajwa ili ya mwisho ionekane kama zawadi. Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alikuwa ameshaiweka mbinu hiyohiyo kinywani mwa Volpone, mhusika mkuu wa tamthilia yake ya jina hilo, anapojifanya mwuza dawa aitwaye Scoto wa Mantua. Kwa maoni yangu hotuba ile ni ndefu mno kwa mtazamaji, ila kwa anayetaka kujua porojo zao zilivyopangwa ni hazina.

Kilichowaharibia biashara ni anwani: mwenye anwani hupatikana. Clark Stanley wa Marekani alijipatia jina kwa mafuta ya nyoka, lakini hakuendelea kuyauza mkononi tu: aliyatia kwenye chupa zenye lebo, akawa na kampuni mjini Providence na kusafirisha mzigo majimbo mengine. Sheria ya shirikisho ya 1906 ilikataza lebo za uongo kwenye dawa za namna hiyo. Miaka ya 1910 wakemia wa serikali waliipima dawa yake, wakakuta karibu yote ni mafuta mepesi yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, takriban asilimia 1 ya mafuta yaliyodhaniwa kuwa ya ng'ombe, pilipili, na labda tapentaini kidogo. Nyoka hakuonekana. Pilipili ilikuwa na kazi yake: huchoma ngozi dakika chache baada ya kupakwa, na mwenye goti bovu huhisi dawa imeanza kuingia. Stanley hakuipinga kesi. Alitozwa faini ya dola 20.