Kwa nini nyimbo za kantri za zamani zinauma

Ndugu, umeuliza kwa nini nyimbo za kantri (muziki wa mashambani wa Marekani) za zamani, hasa zile za mume na mke, zinachoma moyo kiasi hicho. Sikiliza "Golden Ring", iliyotoka mwaka 1976, ambapo waimbaji George Jones na Tammy Wynette, mume na mke waliokuwa wameachana mwaka mmoja tu kabla, wanaimba habari za pete iliyonunuliwa katika duka la rehani mjini Chicago, ikavaliwa kwa kiapo, kisha mke akaitupa chini na kutoka mlangoni. Hawapigi kelele wala hawalii. Kwangu mimi uchungu wenyewe upo kwenye kiitikio, kwa kuwa sauti zao bado zinapatana kikamilifu ilhali ndoa yao imekwisha.